Majira, Mpango na Hiari: Uhakiki wa Lugha ya Uzazi katika Sera za Afya

Sera ya afya husomwa na wengi kwa jicho la hesabu. Daktari huuliza ni akina mama wangapi waliopona. Mtunza hazina huuliza ni fedha kiasi gani zilizotumika. Mtaalamu wa takwimu huuliza ni watoto wangapi waliozaliwa na kila mwanamke. Maswali hayo yana haki yake. Walakini sera, kabla haijawa sindano wala kidonge, huwa maneno, na maneno hayo ni nadra kupata mhakiki. Shairi la beti kumi hupekuliwa herufi kwa herufi katika vyumba vya masomo, ilhali maneno ambayo kwayo mwanamke wa Singida au Masasi huulizwa kama ataka kuzaa tena, lini, au asizae kabisa, hupita pasipo kuguswa, kana kwamba yaliota yenyewe. Makala haya yayachukua maneno hayo kama matini, na kuyauliza swali moja la sarufi ambalo ni swali la haki pia: katika sentensi za uzazi, mtenda ni nani?

Huduma ya kupanga uzazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1959, mikononi mwa chama cha watu binafsi kilichokuwa na jina la Kiingereza. Baadaye chama hicho kilienea nchini kikaitwa Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, kwa kifupi UMATI. Asikiaye Kiswahili hawezi kujizuia asitabasamu: chama kilichoundwa ili watoto wasifuatane mno kimepata jina ambalo katika kamusi ni kundi kubwa la watu waliosongamana. Lakini mzaha huo wa bahati usifiche ubora wa jina lenyewe kwa urefu wake. Aliyelitunga aliwajua watu wake. Hakusema kupunguza, hakusema kuzuia, wala hakutaja idadi. Aliuweka uzazi ubavuni mwa malezi, na sifa ya "bora" akaiacha izitawale nomino zote mbili. Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisema jambo la mwelekeo huohuo, ya kwamba binadamu yafaa atie mkazo katika kuwatunza watoto na uwezo wa kuwalea, kuliko kufikiri idadi yao tu na uwezo wa kuwazaa. Nchi ya watu kama milioni 12 kwa hesabu ya mwaka 1967, yenye ardhi iliyoonekana kuwa tele, isingekubali kwa urahisi kuambiwa kuwa watu wake wamezidi. Neno malezi lilifungua mlango ambao neno idadi lingeufunga.

Jina la zamani la huduma yenyewe, uzazi wa majira, nalo lilikuwa jina jema. Majira ni neno lenye asili ya Kiarabu na historia ndefu pwani. Nahodha hushika majira, yaani njia ya chombo chake baharini. Mkulima hungoja majira ya mvua. Katika matumizi hayo yote kuna mambo mawili yaliyofungamana. Kuna nguvu iliyo kubwa kuliko mtu, kama upepo na mvua. Na kuna ujuzi wa mtu wa kwenda nayo. Nahodha haiamuru kusi wala kaskazi, lakini yeye ndiye ajuaye siku ya kutweka tanga. Kwa hiyo aliyesema uzazi wa majira alimwambia mkulima na mvuvi jambo ambalo hawakuhitaji kufundishwa, ya kuwa kuna wakati wa kupanda na wakati wa kuliacha shamba lipumzike. Hata leo, ingawa hati za Serikali zimelisogeza jina hilo kando, watu hawajaliacha. Mwanamke aendaye duka la dawa huomba vidonge vya majira, wala muuzaji hamwulizi maana yake.

Wala wazo lenyewe halikuja na meli. Kiswahili kina kitenzi kubemenda, ambacho wafasiri wa lugha za Ulaya hupata taabu nacho. Mtoto anyonyaye ambaye mama yake ameshika mimba nyingine mapema, au ambaye wazazi wake wamevunja miiko ya kipindi cha kunyonyesha, husemwa kuwa amebemendwa: hudhoofu, huchelewa kutembea, huwa wa kusikitikiwa. Waislamu nao walikuwa na mafundisho ya Kurani juu ya kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Kupishanisha watoto kulikuwa na msamiati wake kabla ya kliniki. Lakini asije mtu akaupamba msamiati huo kupita kiasi. Kitenzi kubemenda kina mtenda, na jamii ikienda kumtafuta mtenda huyo aghalabu humkuta mama. Mtoto akikonda, hata kama ni kwa maradhi ya kuhara, mama ndiye ainamishaye kichwa mbele ya majirani. Lugha ya kale ilimpa mwanamke nafasi ya kiima ilipofika zamu ya lawama, ikamnyima ilipofika zamu ya uamuzi. Tabia hiyo itaonekana tena mbele, katika hati zilizopigwa chapa na kutiwa mhuri.

Mwaka 1989 ulianzishwa mpango wa taifa wa huduma hizi, na mwaka 1992 ikatolewa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2006. Katika hati na matangazo ya kipindi hiki istilahi iliyotamalaki ni uzazi wa mpango. Mpango watokana na kupanga, kuweka vitu kwa safu. Lakini kwa Mtanzania aliyekua katika miongo ya 1960 na 1970 mpango ni kwanza neno la Serikali: Mpango wa Miaka Mitano, Wizara ya Mipango, mipango miji. Kutoka majira hadi mpango ni kutoka shambani na baharini hadi ofisini. Si hasara tupu. Mpango huonyesha akili na nia, nao haumwachi mtu chini ya rehema ya mvua. Kasoro yake ni kwamba mwenye mpango hatajwi. Mtu asemapo "uzazi wa mpango", mpango ni wa nani? Wa mama, wa mume, wa wizara, au wa wafadhili? Yafaa kukumbuka ya kuwa mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam imelitwaa neno hilo na kuunda "mpango wa kando", yaani mpenzi wa nje ya ndoa. Na huko mitaani, angalau, kila mtu ajua mpango ni wa nani.

Sheria nayo hupanga bila kusema kuwa yapanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, ikihesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, na ikamfunga mwajiri kwa likizo nne tu za namna hiyo kwa mwajiriwa mmoja. Hakuna kifungu kisemacho zaa kila baada ya miaka mitatu, wala kisemacho zaa wanne. Daftari la mishahara husema kwa niaba yake.

Kasoro kubwa zaidi i katika muundo wa istilahi. Katika kirai "uzazi wa mpango", neno kuu ni uzazi. "Wa mpango" ni kivumishi chake tu. Kinachosifiwa, kinachotolewa, kinachohimizwa ni uzazi wa namna fulani. Mwanamke aliyeazimu kutozaa, au aliyekwisha kuzaa na hataki tena, hana makao katika kirai hicho. Ataingizwa humo kwa huruma ya mhudumu, si kwa maana ya maneno. Uzazi wa majira ulikuwa na upungufu uleule. Kenya, iliyokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kuwa na sera ya taifa ya jambo hili, mwaka 1967, imezoea zaidi kusema kupanga uzazi. Yaonekana kuwa tofauti ndogo, lakini si ndogo. "Kupanga" ni kitenzi, na kitenzi kikishanyambuliwa hudai kiima: napanga, wapanga, twapanga. Nomino yaweza kuishi bila mtu. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakitamkwi katika sentensi bila kiambishi cha anayetenda. Basi waandishi wa sera, ambao hupenda nomino kuliko vitenzi, huandika "ongezeko la utumiaji wa njia za kisasa za uzazi wa mpango", na katika maneno kumi na moja hayo hakuna mtu hata mmoja.

Istilahi za juu zikiachwa kando na kusikilizwa vitenzi vya chumba cha kliniki, jambo hili huonekana wazi zaidi. Mwanamke huchomwa sindano. Huwekewa kitanzi. Huwekewa vijiti katika mkono. Hufungwa kizazi. Mwanamume, kwa upande wake, huvaa kondomu. Mmoja yu katika kauli ya kutendwa, mwingine yu katika kauli ya kutenda, na mgawanyo huo wafuata jinsia kwa uaminifu ambao ungemfurahisha mwandishi wa vitabu vya sarufi kama usingekuwa wa kusikitisha. Kuna atakayejibu ya kwamba tiba yote ndivyo ilivyo: mgonjwa wa malaria naye huchomwa sindano, mwenye jipu hupasuliwa. Jibu hilo lina ukweli. Lakini mgonjwa wa malaria hakwenda kuchagua, alikwenda kuponywa. Mwanamke katika kliniki ya uzazi si mgonjwa. Amekwenda kufanya uamuzi, na lugha yampokea kama jipu.

Kauli ya kutendewa yastahili kutazamwa zaidi. Kiambishi chake hakibagui kati ya hisani na dhuluma. Mtu huwekewa chakula, na huwekewa sumu. Hufanyiwa sherehe, na hufanyiwa hila. Kwa hiyo sentensi "amewekewa kitanzi" haisemi kama aliomba au alikuta imekwisha tendeka. Na kitanzi chenyewe! Yaelekea jina hilo lilitokana na umbo la vifaa vya plastiki vya miaka ya 1960, kama kile cha Lippes, vilivyojipinda kama kamba. Vifaa vingi vitumikavyo sasa vina umbo la herufi T, wala havifanani na kitanzi chochote. Lakini jina limebaki, na ndilo jina la kamba ya mnyongaji. Lugha iliyo na neno koili, kama isemwavyo Kenya, ingeweza kumpunguzia mwanamke hofu moja kati ya nyingi alizo nazo.

Kufungwa kizazi ni jambo zito kuliko yote hayo. Kizazi katika Kiswahili ni mfuko ambamo mtoto hukua, na ni watu wa rika moja la nasaba, waliotangulia na watakaokuja. Kwa hiyo afungaye kizazi, kwa sikio la msikilizaji, hufunga mlango wa mwili na wa ukoo kwa pamoja. Zaidi ya hayo, kabla daktari hajalitumia neno hili kwa upasuaji wa mirija, watu walilitumia kwa uchawi: mwanamke asiyepata mtoto husemwa kuwa amefungwa kizazi na mke mwenziwe, na wifi, au na jirani mwenye kijicho. Sasa mhudumu mwenye nia njema amwambiapo mwanamke wa kijijini, "Utafungwa kizazi," humtamkia maneno yaleyale ya mganga, kwa kauli ileile ya kutendwa, akatarajia atabasamu na kutia sahihi. Wataalamu wa afya huandika mara nyingi juu ya imani potofu zinazowazuia watu kutumia huduma. Ni nadra kuandika ya kwamba istilahi yao wenyewe imeazimwa kutoka katika imani hizo.

Hata hivyo, anayesikiliza vizuri wanawake wenyewe wanavyozungumza, si wanavyozungumziwa, atasikia jambo jingine. Wao husema, "Nimefunga kizazi." Husema, "Nimeweka kijiti." Husema, "Nimechoma sindano ya miezi mitatu." Ni kweli kwamba mkono ulioshika sindano haukuwa wao, lakini Kiswahili kina desturi ya kumpa utenda yule aliyeamua jambo lifanyike, kama mtu asemavyo amenyoa ilhali kinyozi ndiye aliyemnyoa, au amejenga nyumba bila kushika mwiko. Desturi hiyo ndiyo ambayo wanawake wameitumia. Wameuondoa mkono wa mhudumu katika sentensi na kujirudishia nafasi ya kiima. Hakuna baraza lililowafundisha. Mtaalamu wa lugha akitaka kujua istilahi ya haki ya uzazi iundwe namna gani, asingeanza na kamusi ya Kiingereza. Angeanza kwenye benchi nje ya mlango wa kliniki, na angekuta kazi nusu imekwisha fanywa.

Si jambo la watu wachache. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 1991 na 1992, wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa takriban 7 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 31. Na wengine 21 katika kila 100 walitaka kuahirisha au kuacha kuzaa, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Nyuma ya kila tarakimu pana mazungumzo yaliyofanywa kwa Kiswahili, na baadhi ya mazungumzo hayo yalivunjika.

Mahali ambapo sarufi huwa na matokeo makali kuliko pote ni katika habari za mimba. Kiswahili kinayo safu nzima ya vitenzi hapa: mimba hutungwa, huingia, hushikwa, hubebwa, kisha hutoka, huharibika, hutolewa. Kati ya kutoka, kuharibika na kutolewa kuna tofauti ya mtenda tu. Mimba iliyotoka na iliyoharibika hazina mwenye kosa. Iliyotolewa ina aliyetoa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1930, katika vifungu vya 150 hadi 152 ilitumia fundisho la sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ambamo kosa huitwa kusababisha kile ambacho Kiingereza hukiita kwa neno lilelile la mimba kujiharibikia. Kifungu cha 230 humkinga afanyaye upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuuokoa uhai wa mama. Kwa muda wote ambao sheria ilisomwa kwa Kiingereza, mkanganyiko huo ulikuwa wa mawakili. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, mkanganyiko umekuwa wa wote. Mfasiri atakayeandika "kuharibu mimba", atakayeandika "kutoa mimba", na atakayeandika "kusababisha mimba kuharibika" watakuwa wameandika sheria tatu kwa masikio ya raia, na mfasiri huyo yafaa ajue ya kuwa anafanya kazi ya bunge.

Hapa lakini ni haki kuiungama sifa moja ya kauli ya kutendeka. Katika hospitali husemwa "huduma baada ya mimba kuharibika", na kirai hicho huwafunika pamoja waliopatwa na msiba na waliojitendea wenyewe au kutendewa na wasio na ujuzi. Muuguzi haulizi. Kitenzi kimekataa kumtaja mtenda, na kwa kukataa huko mwanamke atokwaye damu hupata kitanda kabla ya kupata mashtaka. Kwa hiyo kosa si kwamba lugha humficha mtenda wakati mwingine. Kosa ni kumficha pale anapodai kuonekana, na kumfichua pale anapohitaji sitara.

Mfano wa ufichuaji wa dhuluma ulikuwa shuleni. Msichana wa shule husemwa kuwa "amepewa mimba". Sentensi hiyo yamweka katika hali ya mpokeaji kabisa: kuna kilichotolewa, kuna aliyepewa, na mtoaji hayumo. Walakini kwa miaka mingi aliyepewa ndiye aliyefukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu afukuzwe kama mkosefu wa maadili. Hapo sarufi na adhabu zilikwenda njia mbali mbali: kwa kitenzi alikuwa mtendwa, kwa hukumu alikuwa mtenda. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalimtaja hatimaye mtoaji, kwa kuweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Lakini ilikuwa mpaka Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kuwa msichana mwenyewe aweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Yafaa pia kutazama ya kwamba huyu hakuitwa mjamzito. Ujauzito ni neno la heshima, la mke wa mtu. Mimba ikabaki kuwa neno la watoto wa shule. Tumbo ni lilelile.

Sasa kuhusu haki yenyewe. Mkutano wa kimataifa wa haki za binadamu uliofanyika Tehran mwaka 1968 ulitamka ya kwamba wazazi wana haki ya msingi ya kuamua, kwa hiari na kwa kuwajibika, idadi ya watoto wao na nafasi kati yao. Wazazi: ndiyo kusema, haki ilipewa waliokwisha kuzaa. Kwa Kiswahili upungufu huo waonekana mara moja, kwa maana mzazi ni mwenye kuzaa, na katika matumizi ya pwani ni mwanamke aliyejifungua majuzi. Uchungu wa mwana, kama wasemavyo, aujua mzazi. Mwaka 1974, huko Bucharest, neno lilipanuliwa likawa wenzi wote na mtu mmoja mmoja. Kairo, mwaka 1994, ikaleta haki za uzazi kwa jina lake. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, katika ibara ya 14 humtaja mwanamke kwa vitenzi: kuutawala uzazi wake, kuamua kama atazaa au hatazaa, kuchagua njia. Hizi ni sentensi zenye mtenda. Zikifasiriwa "haki za uzazi" tu, vitenzi vyote vitatu humezwa na nomino moja, na msikilizaji, ambaye kwake uzazi ni baraka ya kuwa na watoto, husikia haki ya kuzaa. Nusu ya pili, haki ya kutozaa, huanguka njiani kati ya lugha mbili.

Tofauti kati ya mpango na haki ilionekana mwaka 2018. Septemba ya mwaka huo Rais John Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwahimiza wananchi wasiifuate njia ya uzazi wa mpango, akiwahesabu waifuatao kuwa waogopa jasho la kuwalisha watoto. Na mwezi huohuo wizara ikaagiza matangazo ya redio na televisheni ya huduma hiyo yasitishwe kwa muda. Mitaani kitenzi kufyatua, ambacho ni cha mtego, bunduki na matofali, kilikwisha kuzoeleka kwa watoto pia. Mwanasarufi hana budi kukiri kwamba kauli ile ya Rais ilikuwa na ufasaha kuliko hati zote za wizara. Ilikuwa na watenda, ilikuwa na vitenzi, ilieleweka. Hati zilikuwa zimezungumza juu ya mpango. Na mpango, kwa maana yake ya miaka hamsini, ni wa Serikali. Mwenye mpango akibadili nia, nani atampinga? Kama watu wangekuwa wamezoezwa kusema uamuzi wangu, hotuba moja ingekuwa na kazi ngumu zaidi.

Kuna kazi moja ya miaka hiyo ambayo ilikwepa sehemu kubwa ya makosa haya, nayo haikuandikwa na watunga sera. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza kutangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ukihusu kupanga uzazi na kinga ya UKIMWI. Dodoma haikusikilizishwa mpaka mwaka 1995, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Na huo ulikuwa mmoja wa majaribio makubwa ya namna yake katika bara zima. Mtu aweza kuushutumu mchezo huo kwa wahusika waliochongwa kwa shoka: Mkwaju, dereva wa lori, ni mbaya kiasi cha kuchekesha, na mkewe Tunu huchukua muda mrefu kabla ya kuamka. Lakini jina lake lina kitenzi, nacho ki katika nafsi ya kwanza wingi: twende. Wakati ni ndugu wa majira. Na kwa kuwa ulikuwa mchezo, Tunu hakuweza kuwa "mtumiaji" wala "mteja", neno ambalo kliniki zimelikopa dukani; alipaswa kusema mwenyewe alitakalo, kwa sauti, mbele ya mume. Msikilizaji alisikia mwanamke akiwa kiima cha sentensi yake. Kama uhakiki wa fasihi ungekuwa na mazoea ya kutazama kazi za namna hii, mchezo huo ungekwisha kupata makala yake siku nyingi.

Je, istilahi ibadilishwe? Wako watakaosema ya kuwa uzazi wa mpango umekwisha ota mizizi, na kung'oa neno ni ghali kuliko kulipanda. Wana haki kwa upande wa mabango. Lakini pale ambapo maneno huwa sheria au ridhaa, neno hiari lastahili kufikiriwa. Si "uzazi wa hiari", ambao ungelirudia kosa la kuufanya uzazi kuwa neno kuu, bali hiari ya uzazi, ambamo hiari ndiyo inayotawala na uzazi ndio unaotawaliwa. Hiari ina adili yake ya kale, kwani yashinda utumwa. Na hiari haiwezi kuwa ya wizara. Katika karatasi ya ridhaa kabla ya upasuaji, mahali pa "mgonjwa ameelezwa na amekubali kufungwa kizazi", pangetosha maneno machache: "Nimeelezwa. Sitaki kuzaa tena. Nimeamua kufunga mirija." Sentensi ya kwanza ni ya kutendwa, kama ipasavyo, kwa maana kueleza ni wajibu wa daktari. Mbili zifuatazo ni za mwanamke.

Litabaki pengo moja ambalo hati haiwezi kuliziba. Kiswahili kina tasa, na kina mgumba, na yote mawili ni majina ya aliyenyimwa. Kwa mwanamke awezaye kuzaa na aliyeamua asizae, mwenye afya na asiyelia, lugha hii iliyo na neno la mtoto aliyebemendwa na neno la njia ya chombo baharini haijawa na jina. Watu humwita tasa, naye hukaa kimya, kwa sababu kujieleza kwahitaji sentensi nzima.